Mazoezi ya Vipindi katika Vilima vya Butembo na Beni

Katika Kongo, kati ya mji wa Butembo na mji wa Beni, pana njia ya kilomita 54, na msafiri aifuatayo kutoka kusini kwenda kaskazini huanza katika ubaridi wa vilima vilivyoinuka yapata mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, akapita Maboya na Kabasha katikati ya migomba na mihogo na mashamba ya maharagwe, akipanda na kushuka pasipo kituo, hata akaingia katika joto la Beni, mji uliokaa zaidi kidogo ya mita 1,000, ambako asubuhi mbingu ikitakata huonekana upande wa mashariki safu ya Rwenzori, yenye kilele cha Margherita kifikacho mita 5,109. Ajuaye mchezo wa baiskeli akiitazama njia hii katika ramani huitamani papo hapo, maana ina miinuko mirefu na mifupi, ina hewa nyepesi, na katika safari moja humtoa mtu katika baridi na kumtia katika hari. Mwaka 2021, tarehe 16 Juni, marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani Kasindi na Mpondwe kuzindua mpango wa kutia lami barabara za upande huu, na kilomita hizi 54 zimo katika mpango huo, pamoja na zile 80 za kutoka Kasindi hadi Beni.

Walakini ramani haisemi yote. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limemwagikwa na damu nyingi kwa mashambulio ya waasi wa ADF, yaliyoua raia kwa maelfu, na vijiji vingi vilivyo kando ya barabara vimejua kukimbia usiku vikiacha chakula jikoni. Upande wa kaskazini, kwenda Komanda, ilifika siku magari yakawa hayapiti ila kwa msafara uliosindikizwa na askari. Kijana wa miji hii atakaye kujifunza mashindano ya baiskeli hawezi kufanya kama mwenzake wa Ubelgiji au Italia, ambaye hutoka nyumbani alfajiri peke yake, akaenda kilomita 150 mashambani, akarudi adhuhuri kwa amani. Wazazi wake hawatamruhusu, nao wana haki.

Nia yangu katika makala haya ni kumwambia kijana huyo, na mwalimu wake, na mzazi wake, kwamba hata hivyo mlango haukufungwa. Iko namna ya mazoezi ambayo mabingwa wa riadha na wa baiskeli wameitumia tangu miaka ya 1930, nayo haidai zaidi ya kilomita mbili za njia iliyo salama, saa ya mkononi, na moyo ulio tayari kutii hesabu. Huitwa mazoezi ya vipindi.

Maana yake ni kuikata kazi nzito vipande vipande, na baina ya kipande na kipande kuweka pumziko lililopimwa. Mpanda baiskeli hukanyaga kwa nguvu nyingi kwa muda uliowekwa, mathalan dakika nane, au nne, au nusu dakika tu, kisha hulegeza miguu pasipo kushuka, akaenda taratibu hata pumzi imrudie kwa sehemu, kisha huanza tena. Urefu wa juhudi, ukali wake, urefu wa pumziko na idadi ya marudio ndiyo mambo manne ambayo mwalimu mwema huyachanganya kwa busara, akipunguza hapa na kuongeza pale kadiri ya umri wa mwanafunzi wake, mazoea yake na mbio anazozitazamia. Katika hayo manne, lile ambalo vijana hulidharau upesi zaidi ni pumziko, maana hulidhani kuwa ni ulegevu. Ilhali ndilo lililowashughulisha sana wale wa kwanza walioifanya namna hii kuwa elimu.

Hao walikuwa watu wawili wa mji wa Freiburg katika Ujerumani, mwalimu Woldemar Gerschler na tabibu Hans Reindell. Walimkimbiza mtu mpaka moyo wake ukapiga yapata mara 180 kwa dakika, wakamsimamisha, wakangoja mapigo yashuke hata 120, ndipo wakamruhusu kuanza tena. Na kama mapigo hayakushuka hata kiasi hicho katika muda wa dakika moja na nusu, walihesabu kwamba kazi ilizidi kipimo, wakaipunguza au wakaikomesha kwa siku ile. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 mjini Milano tarehe 15 Julai 1939 kwa dakika 1 na sekunde 46.6, na rekodi yake hiyo ilikaa miaka 16 kabla ya kuvunjwa. Reindell alishikilia kwamba moyo hupata ukuaji wake hasa katika dakika ile ya pumziko, wakati damu inaporudi kwa wingi na kuzijaza vyumba vyake. Wataalamu waliokuja baadaye hawakulikubali neno hilo kwa ukamilifu wake, kwani juhudi nayo ina fadhila yake dhahiri. Lakini hakuna hata mmoja aliyelirudisha pumziko katika hadhi ya chini. Baada ya vita alitokea Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyerudia mita 400 kwa makumi katika siku moja, na mwaka 1952 katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki akatwaa dhahabu tatu, ya mita 5,000, ya mita 10,000 na ya marathoni.

Sababu ya faida hii si siri. Mtu akikanyaga kwa kiasi cha juu kabisa ambacho mapafu, moyo na damu yake vinaweza kuipatia misuli oksijeni, atadumu dakika chache, kisha miguu itakataa, naye atarudi nyumbani akiwa amekaa katika kiasi kile cha juu kwa dakika hizo chache tu. Lakini akiikata juhudi, akapumzika, akairudia, ataweza kujumlisha dakika 15, au 20, au zaidi ya 30 za kazi kali katika asubuhi moja. Mwaka 1960 wataalamu wa Stockholm, akiwamo Per-Olof Åstrand, walimpandisha mtu juu ya baiskeli ya maabara, wakaona kwamba kazi iliyomwangusha upesi alipoifanya mfululizo aliweza kuimudu kwa muda wa saa nzima ilipokatwa kwa mapumziko. Mwili uliolazimishwa mara nyingi kufanya kazi karibu na mpaka wake huusogeza mpaka wenyewe: maji ya damu huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, mishipa midogo huchipuka ndani ya misuli, na yale matanuri madogo yaliyomo katika chembe za mwili, ambayo wanasayansi huyaita mitokondria, huzidi kwa idadi na kwa uwezo.

Watu wa vilima hivi hawakuhitaji mgeni kuja kuwafundisha juhudi. Tangu zamani wameupandisha mzigo kwa chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kilichoundwa kwa shoka na panga, na kwa baiskeli zinazobeba mikungu ya ndizi au magunia ya makaa hata mwenye baiskeli asionekane nyuma ya mzigo wake. Yeye husukuma kwa nguvu zake zote penye mlima, husimama akitweta, husukuma tena, kisha hutelemka kwa raha upande wa pili; na anayemtazama akiwa na elimu ya michezo atasema kwamba mtu huyu anafanya vipindi tangu utotoni. Nami nakubali kwa heshima. Lakini kazi ile hupangwa na mlima, na mzigo, na bei ya sokoni, haimpi mtu pumziko pale mwili wake unapolihitaji, wala haimzuii leo kwa sababu alichoka jana. Kwa hiyo humpa uvumilivu mkubwa na pia humzeesha mapema. Anayejifunza mashindano hana budi kuichukua juhudi hiyo hiyo ya wazee wake na kuitia kipimo.

Na juhudi za kurudiwarudiwa ndizo mbio zenyewe. Asemaye kwamba mashindano ya barabarani ni uvumilivu wa mwendo mmoja bado hajayatazama kwa makini. Tarehe 28 Septemba 2025, mjini Kigali, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanywa kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, wanaume walikwenda kilomita 267.5, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa kuuzunguka mviringo wa kilomita 15.1, mara 15, wenye vilima viwili: kimoja karibu na uwanja wa gofu, cha mita 800 tu lakini kikali, na kingine cha Kimihurura, cha kilomita 1.3, kilichotandikwa mawe. Hesabu, ewe msomaji: vilima viwili mara 15, na kila kimoja ni juhudi ya dakika mbili au tatu, kisha mteremko, kisha kilima tena, ukiacha mlima Kigali uliowekwa katikati ya safari kuwa mtihani wa peke yake. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 peke yao. Wengi katika walioacha njiani hawakushindwa na kilima cha kwanza wala cha kumi. Walishindwa kwa sababu pumzi haikuwarudia upesi baina ya kilima na kilima, na uwezo huo wa kurudiwa na pumzi ndio mazoezi ya vipindi yanaoujenga kuliko mazoezi mengine yote.

Nchi za jirani na za mbali zimekwisha kuonyesha kwamba vijana wa nyanda za juu za Afrika wanaweza kufika mbali. Valens Ndayisenga alishinda mzunguko wa Rwanda mwaka 2014, akawa Mnyarwanda wa kwanza kuutwaa tangu uandikwe katika ratiba ya shirikisho la dunia mwaka 2009. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa katika utoto wake na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu, alishinda mbio kuu za Ufaransa mara nne. Na mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio hizo na kuvaa fulana ya kijani hadi mwisho. Butembo na Beni hazina upungufu wa vilima wala wa vijana.

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Mtu wa Butembo na atafute, ndani ya mji au ukingoni mwake, mahali ambapo watu wanapita tangu mapambazuko na ambapo anajulikana, penye mwinuko wa kilomita mbili hivi usiokatwa na soko wala na kituo cha pikipiki. Mwinuko wa kiasi cha mita sita kwa kila mita mia, akiupanda kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, utamchukua dakika nane. Akifika juu ageuke, ateremke polepole akizungusha miguu bila kukaza, na dakika tatu au nne za kuteremka ndizo pumziko lake. Akirudia mara nne atakuwa amefanya dakika 32 za kazi kali na amekwenda kilomita 16 kwa jumla, wala katika muda huo wote hakuwa mbali na mahali alipoanzia zaidi ya kilomita mbili. Mama yake akisimama mlangoni angeweza kumwona akipita mara nane. Kwa Beni, ambako njia ni tambarare zaidi, hesabu ni ile ile kwa dakika, ijapokuwa kilomita zitaongezeka, na ndani ya mji unaweza kupatikana mzunguko unaofaa kabla malori na pikipiki hazijajaa.

Nimeanza na dakika nane kwa makusudi. Mtaalamu Stephen Seiler na wenzake katika Norwe waliwalinganisha wapanda baiskeli wa ridhaa waliofanya vipindi vinne vya dakika nne, wengine vinne vya dakika nane, na wengine vinne vya dakika 16, kila kundi likiambiwa lijitahidi kadiri liwezavyo kuumaliza mpango wake. Na waliopata faida kubwa ni wale wa dakika nane, ambao mioyo yao ilikwenda kwa wastani wa sehemu 90 katika mia ya upeo wake. Walioenda dakika nne walijiunguza zaidi na kupata kidogo. Walioenda dakika 16 hawakufikia ukali unaotosha. Hapo pana funzo kwa vijana wanaosikia habari za Izumi Tabata wa Japani, aliyechapa mwaka 1996 habari za sekunde 20 za kukanyaga kwa ukali usio kifani na sekunde 10 za pumziko, kisha wakadhani kwamba ukali peke yake ndio dawa. Zoezi la Tabata ni la kweli na lina mahali pake, lakini kwa anayejiandaa kwa mbio za saa tatu au nne ni chumvi, haliwezi kuwa chakula.

Majuma machache kabla ya mashindano aongeze vipindi vifupi, ambavyo Bent Rønnestad, naye wa Norwe, amevichunguza kwa wapanda baiskeli waliozoea mazoezi: sekunde 30 za nguvu, sekunde 15 za kulegeza, marudio 13 pasipo kusimama, kisha dakika tatu za pumziko kamili, na mzunguko huo wote mara tatu. Kwa hili kilima si lazima. Njia iliyonyooka ya kilomita chache yatosha, au hata ua wa nyumba kama mtu anacho kile chombo cha mapipa matatu yanayozunguka ambacho baiskeli hukanyagwa juu yake bila kwenda popote, na ambacho fundi hodari wa kuchomea vyuma anaweza kukiunda kwa mabomba na beringi.

Atauliza mtu: nitajuaje kwamba nimefika sehemu 90 katika mia, nami sina vyombo vya Wazungu? Vyombo ni vizuri, na kile cha kupimia wati, alichokibuni Ulrich Schoberer wa Ujerumani mwaka 1986, kimebadili mchezo huu; lakini bei yake huipita bei ya baiskeli nzima ya kijana wa kwetu. Vidole viwili na saa vyatosha. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima; tuseme ni 54. Upeo wa moyo wake akadirie kwa kuchukua 208 na kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7, ambapo kijana wa miaka 20 atapata 194. Tofauti ya hizo mbili ni 140, na sehemu 90 katika mia za 140 ni 126. Akizijumlisha na zile 54 za asubuhi atapata 180, ambazo ni juu kidogo ya sehemu 90 katika mia za upeo wenyewe, nacho ndicho kiwango anachokitafuta mwishoni mwa kila kipindi kirefu. Njia hii ya kuhesabu kwa akiba ya moyo ilitokana na kazi ya Martti Karvonen wa Finland katika mwaka 1957. Mara anapofika juu ya kilima aguse shingo, ahesabu sekunde 10: akipata mapigo 30, hesabu imetimia. Makadirio ya umri hukosea kwa watu wengine mapigo kumi au zaidi, kwa hiyo asiyafanye sheria. Ikiwa katika kipindi cha nne amelazimika kupunguza mwendo sana, cha kwanza kilikuwa kikali mno, hata kama vidole vimesema vingine.

Na nguvu yenyewe anaweza kuipima kwa kilima. Azidishe uzito wake pamoja na baiskeli, kwa kilo, na 9.81, kisha azidishe na mita alizopanda kwenda juu, kisha agawanye kwa sekunde alizotumia. Kijana ambaye yeye na baiskeli yake ni kilo 70, akipanda mita 120 za kimo kwa sekunde 480, ametoa wati 172 kwa ajili ya kushindana na mlima, ukiacha zile zilizokwenda kwa upepo na kwa msuguano wa magurudumu. Kilima hakibadiliki leo na kesho, nacho ni shahidi mwaminifu kuliko mshipi wa kifuani uliokwisha betri. Asilinganishe tu wati za Butembo na za Beni, kwa kuwa hewa ya Butembo, iliyopungua kani yake karibu sehemu moja kwa tano kuliko ya pwani, huichukua sehemu ya nguvu za mtu hata kama amezaliwa humo.

Neno hili la hewa limezaa majivuno yanayostahili kurekebishwa. Wengine husema kwamba Butembo iko juu na Beni iko chini, basi mtu akilala Butembo na kufanya mazoezi Beni atakuwa bingwa, kwa sababu Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walionyesha mwaka 1997 huko Marekani kwamba wakimbiaji walioishi juu na kujizoeza chini walizidi wenzao. Ni kweli walionyesha. Lakini waliwalaza watu wao katika mita 2,500, na Butembo haifiki hapo kwa mita mia kadhaa. Faida ya kuteremka kila juma ni ndogo, hatari ya njia ni kubwa, na mwenye akili hataiuza roho yake kwa wati tano.

Vipindi vikali visifanywe zaidi ya mara mbili kwa juma, mathalan Jumanne na Ijumaa, na kwa anayeanza mara moja inatosha kabisa. Seiler aliyetajwa juu, alipozichunguza daftari za mabingwa wa michezo ya uvumilivu, aliona kwamba katika mazoezi kumi, manane hivi yalikuwa mepesi, mepesi kwa maana ya kwamba mtu aweza kumweleza mwenzake habari nzima bila kukatika pumzi. Hili huwaudhi vijana wenye bidii. Hutaka kila siku iwe ya jasho, na matokeo yake siku za wepesi huwa ngumu kidogo na siku za ugumu huwa hafifu, wakabaki katikati, wamechoka daima na hawaendi mbele. Kabla hata ya vipindi vya kwanza yapasa majuma sita au manane ya kuendesha kwa wepesi, kwa makundi, katika njia za mjini. Kwani wanaochoma matofali kule Butembo hawalitii tanurini tofali lililotoka katika kalibu asubuhi ile, hulianika kwanza hata likauke, na aliyefanya haraka huopoa vipande.

Ziko siku ambazo zoezi kali halifai kufanywa hata kama ratiba imeandikwa kwa wino. Mapigo ya asubuhi yakizidi kawaida kwa saba au zaidi, mwili unapigana na jambo, na aghalabu katika nchi ya malaria jambo lenyewe huwa ni homa inayokuja. Mwenye homa asipande baiskeli kabisa, na aliyetoka katika homa ajipe juma zima la wepesi, kwa kuwa moyo uliokazwa wakati wa maradhi huweza kudhurika daima. Kadhalika, usiku ambao mtaa haukulala kwa milio ya risasi au kwa habari mbaya za kijijini, kesho yake si siku ya vipindi. Nalisema hili kwa moyo mzito, kwa sababu mwalimu wa Ulaya aandikaye vitabu vya mazoezi hana habari nalo, ilhali kwa kijana wa Beni huja mara kwa mara. Naye asijihesabu mvivu. Hofu huchosha mwili kama kazi, na usingizi uliokosekana haulipwi kwa ujasiri.

Chakula cha nyumbani chatosha. Saa mbili kabla ya vipindi ndizi mbivu mbili, mkate na chai yenye sukari humfaa. Baada yake, katika saa ya kwanza, ale ugali au viazi vya Lubero pamoja na maharagwe, na sombe, na samaki au yai likipatikana, maana misuli iliyomwaga akiba yake huijaza upesi ikipewa wanga mapema. Katika chupa atie maji yaliyochemshwa, vijiko vya sukari na chembe ya chumvi. Vinywaji vya makopo vinavyosifiwa kuongeza nguvu na aviache kwa wanaoviuza.

Mteremko ndio mahali pa hatari, kwa sababu mtu huteremka akiwa amechoka, na kichwa kizito hukosea. Breki zikaguliwe kabla ya kila zoezi, kofia ngumu ivaliwe hata kama wenzake wanacheka, na mvua ikinyesha, kama inavyonyesha kwa wingi kuanzia Machi hadi Mei na tena tangu Agosti hadi Novemba, udongo mwekundu uliobebwa na magurudumu ya malori huifanya hata lami kuwa utelezi; siku hiyo vipindi vihamie juu ya mapipa uani, au viahirishwe. Asitoke gizani. Katika nchi hii jua huchomoza saa kumi na mbili mwaka mzima, na nusu saa baadaye barabara ina watu wa kutosha kumwona na kumjua.

Yote haya ni ya wasichana kama yalivyo ya wavulana, na kipimo cha moyo hakiulizi. Siku moja kabla ya mbio zile za wanaume, katika Kigali ile ile, Magdeleine Vallieres wa Kanada alishinda mbio za wanawake za kilomita 164.6 juu ya vilima vile vile. Klabu yenye baiskeli tatu tu inaweza kuwapa wasichana zamu yao ya kilima, kwa kuwa vipindi havimtaki mtu ashike baiskeli kutwa. Saa moja na robo, pamoja na kupasha mwili moto kwa dakika 20, humtosha mmoja, kisha mwenzake akapokea.

Juma la mwisho kabla ya mashindano apunguze wingi wa kazi kwa nusu, lakini asiuondoe ukali: vipindi viwili vya dakika nane badala ya vinne, na siku mbili kabla ya mbio juhudi tatu za dakika moja ili miguu isisahau. Na katika majuma yote yaliyotangulia awe na daftari, aandike humo tarehe, mapigo ya asubuhi, usingizi wake, muda wa kila kipindi juu ya kilima kile kile na kwa gia ile ile. Mwisho wa juma la sita alinganishe ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Muda ukiwa umepungua kwa mapigo yale yale ya moyo, aendelee kama alivyoanza. Na kama haukupungua, aongeze siku moja ya kupumzika kwa juma kabla hajafikiri kuongeza kipindi cha tano.